Mwalimu, Tuvalu nenda, ila siku kumi hazitoshi

*Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari, niko Tanga, nina miaka 46. Miaka yote nimefundisha visiwa vya matumbawe kwa kuvichora ubaoni, na sasa nimejiwekea akiba nikavione kwa macho, Tuvalu. Nimepanga siku kumi kwa jumla, mwishoni mwa Januari, ili niyakute yale maji makubwa yanayoingia mpaka majumbani na nirudi kabla ya Ramadhani. Nitaomba ruhusa kazini. Pasi yangu ni ya Tanzania. Mume wangu anapinga, anasema nchi inazama na nitakwama huko. Mdogo wangu anasema ni aibu kwenda kupiga picha kwenye msiba wa watu. Nina presha, nakunywa dawa kila siku. Nisichokijua ni viza, namna ya kubeba pesa, na mimi Muislamu nitakula nini. Niambie ukweli. Kama haifai, pesa hii nimalizie nyumba."*

Mwalimu, safari yako inafaa na inawezekana. Kisichofaa ni siku kumi, na hiyo Januari ningeihamisha. Nitaanza na hofu ya mume wako, maana ndiyo inayosemwa na wengi, kisha nije kwenye kile kinachoweza kukukwamisha kweli, ambacho sicho anachokidhania yeye.

Tuvalu ni nchi ya visiwa tisa katika Bahari ya Pasifiki, yenye ardhi ya kilomita za mraba 26 hivi na watu wapatao 11,000. Wengi wao wanaishi Funafuti, hasa kwenye kipande cha Fongafale: ukanda wa ardhi wa karibu kilomita 12, mwembamba kiasi kwamba kuna mahali unasimama barabarani, bahari kuu mkono mmoja na lagoni, yale maji tulivu yaliyozungukwa na visiwa, mkono mwingine. Picha ya nchi inayodidimia siku kwa siku si sahihi. Mwaka 2018 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Auckland walilinganisha picha za angani na za setilaiti za visiwa na vijisiwa vyote 101 vya nchi hiyo, wakakuta kwamba kati ya 1971 na 2014 ardhi ya Tuvalu iliongezeka kwa asilimia 2.9. Sababu utaielewa haraka kuliko wengi. Mwamba ulio hai unazalisha mchanga na vipande vya matumbawe kila siku, na mawimbi yanavirusha nchi kavu. Kimbunga Bebe cha Oktoba 1972 kiliua na kubomoa nyumba za Funafuti, na papo hapo kikaacha ufukweni tuta la mawe ya matumbawe lenye urefu wa kilomita zipatazo 18. Bahari inayobomoa ndiyo hiyo hiyo inayojenga.

Lakini usimpelekee mume wako habari hiyo ukaishia hapo. Ardhi kuongezeka si sawa na ardhi kukalika. Kwa vipimo vya NASA, shirika la anga la Marekani, usawa wa bahari Tuvalu umepanda karibu sentimita 15 katika miaka 30, kwenye nchi ambayo sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita tano. Tena chini ya miguu hakuna udongo mzito wa kuzuia maji. Ni vipande vya matumbawe vilivyojaa matundu. Bahari ikijaa, maji hayasubiri kupanda juu ya ukuta wa pwani. Yanapenya chini kwa chini na kuibukia katikati ya mji. Siku ya bamvua kubwa, maji yanapojaa kupita kawaida, yule anayesubiri wimbi hulikosa. Anaona majani kando ya uwanja wa ndege yakianza kung'aa, kisha viputo vidogo kwenye mchanga, kisha dimbwi, na baada ya muda watoto wanakanyaga maji mpaka kwenye vifundo. Ukionja ni chumvi. Saa chache baadaye yameshuka, kama bamvua ya Tanga inavyoshuka. Yanayobaki ni chumvi kwenye mashimo ya pulaka, lile zao la jamii ya magimbi ambalo mababu zao walilichimbia mpaka kwenye maji baridi. Hayo mashimo ndiyo msiba wa kweli, na mgeni anayapita bila kuyaona.

Kwa hiyo jibu la mume wako ni kwamba hutazama. Kukwama, hilo linawezekana, na kinachokwamisha ni usafiri.

Nchi hii imeunganishwa na dunia kwa uzi mwembamba sana. Ndege inayotegemewa ni ya Fiji Airways, ya pangaboi, inayotoka Nausori karibu na Suva, mji mkuu wa Fiji, na kuruka zaidi ya kilomita 1,000 juu ya bahari kwa saa mbili na nusu hivi, siku chache tu kwa wiki. Karibu na Funafuti hakuna kiwanja kingine cha kukimbilia, kwa hiyo rubani lazima awe na mafuta ya akiba ya kutosha kama hali ya hewa itamkataza kutua, na mafuta ni uzito. Hapo ndipo sanduku lako linapoweza kuachwa Suva lije kwa ndege inayofuata. Safari ikifutwa leo, huambiwi urudi kesho asubuhi. Unaambiwa usubiri zamu nyingine, na zamu hiyo ina abiria wake waliokwisha kununua tiketi.

Sasa hesabu siku zako kumi. Dar hadi Ghuba, Ghuba hadi Singapore, Singapore hadi Nadi kule Fiji, Nadi hadi Suva, ndipo Funafuti. Ukijumlisha kusubiri viwanjani na ile tofauti ya saa tisa kati yetu na wao, kwenda tu kunakula siku tatu, na kurudi vivyo hivyo. Unabaki na siku nne kisiwani bila hata siku moja ya dharura. Ndege moja ikifutwa, safari nzima imeharibika, na tiketi ya kurudi Dar imepotea pamoja nayo.

Panga wiki tatu. Lala Suva usiku mbili kabla ya kuvuka. Kaa Funafuti siku nane au tisa. Ukirudi Fiji, weka angalau siku tatu kabla ya ndege ndefu ya kurudi nyumbani, na tiketi hiyo ndefu iwe ya aina inayobadilishika tarehe hata kama ni ghali zaidi. Wasafiri hubana matumizi hapo, na mara nyingi hiyo ndiyo senti inayowagharimu zaidi.

Kuhusu mwezi: Novemba hadi Aprili ni majira ya vimbunga na mvua nyingi katika eneo lile. Bamvua kubwa kuliko zote huja mwanzoni mwa mwaka, hasa Februari na Machi, kwa hiyo hata hiyo tarehe yako ya mwishoni mwa Januari ingeweza kuyakosa maji unayoyatafuta. Mimi ningekwenda Juni. Shule zimefungwa, huhitaji kuomba ruhusa, pepo za mashariki zinavuma na jua si kali sana, na bahari ya lagoni inapitika kwa boti. Utakachokosa ni kuyaona maji yakiibuka ardhini. Ni hasara kwa mwalimu wa jiografia, siikatai. Lakini mashimo ya pulaka utayaona, tuta la Bebe utaliona, na utaiona ile ardhi mpya iliyojazwa mchanga upande wa lagoni katika mradi wa kukabiliana na bahari, zaidi ya hekta saba, iliyokamilika mwaka 2023. Na uulizie mahali Chama cha Kifalme cha wanasayansi wa Uingereza (Royal Society) kilipochoronga mwamba kati ya 1896 na 1898 ili kujua kama Darwin alisema kweli kwamba visiwa vya matumbawe hukua juu ya volkano inayodidimia. Walishuka zaidi ya mita 300 na walichokuwa wakitoa bado kilikuwa masalia ya viumbe wa mwambani, si jiwe la volkano. Ule mchoro wako wa ubaoni ulipimwa pale.

Viza ndiyo inayohitaji utulivu. Makosa mengi yanatokea kwa kuangalia nchi ya mwisho na kusahau zile za kupitia. Kwa pasi ya Tanzania, na ya Kenya pia, Singapore na Fiji haziombi viza ya mapema kwa matembezi mafupi. Australia na New Zealand zinaomba, hata kama unabadilisha ndege tu. Australia ina viza ya kupita ya saa 72 isiyolipiwa, lakini lazima uiombe na uipate kabla ya kuondoka. Ndiyo maana nakuelekeza Singapore: Fiji Airways inaruka kutoka pale moja kwa moja hadi Nadi. Msomaji mwenye pasi ya Rwanda, Burundi au Kongo asiifuate njia hii kwa kunakili. Aanze na masharti ya pasi yake.

Tuvalu yenyewe humpa mgeni kibali anapofika. Hata hivyo, andikia Idara ya Uhamiaji kule Vaiaku, Funafuti, wakujibu kwa maandishi, na jibu hilo ulichapishe ulibebe pamoja na tiketi ya kurudi na uthibitisho wa nyumba ya wageni. Mtu atakayekuzuia si afisa wa Tuvalu, ni mhudumu wa kaunta ya ndege Dar, ambaye pengine hajawahi kumpakia abiria wa kwenda Funafuti. Ukimpa karatasi, kazi yake inakuwa rahisi. Na hizi kanuni hubadilika, kwa hiyo zithibitishe upya mwezi mmoja kabla, moja kwa moja kwenye tovuti za serikali husika.

Jambo moja zaidi kuhusu tiketi: zikiwa za mashirika tofauti na hazikuunganishwa, mzigo wako hautahamishwa wenyewe. Utatakiwa kuingia nchini pale unapobadilishia, uchukue sanduku, ujiandikishe tena. Kwa Singapore utaweza. Kwa mwenye kupitia Sydney bila karatasi sahihi, safari inaishia hapo. Wakala wa tiketi muulize hivi: "Mzigo unakwenda mpaka wapi?"

Pesa ni dola ya Australia, na ni taslimu. Mashine za kwanza za kutolea fedha Tuvalu zilizinduliwa Aprili 2025, zikaanza na kadi za benki ya huko huko. Usiweke safari yako juu ya kadi, na huduma za pesa za simu tulizozoea hazipo. Gharama zote za kisiwani, chumba, chakula, boti, pikipiki ya kukodi, zibebe mkononi katika noti ndogo ndogo, kisha ongeza za wiki nzima ya ziada kwa ajili ya ile ndege iliyofutwa. Dola za Australia ni ngumu kupatikana Tanga. Agiza mapema katika benki Dar, au ubadilishe Singapore. Zigawanye sehemu mbili. Wizi si tatizo kubwa kisiwani, ila viwanja vya ndege njiani ni vingi.

Chakula kisikutishe. Ni nchi ya samaki: jodari, samaki wa mwambani, na nazi katika kila hali yake. Kuna shelisheli, kuna ndizi, kuna pulaka iliyopikwa kwa tui, na wali upo kila mahali. Wagema wanapanda minazi asubuhi na jioni kugema, na maji matamu yanayotoka, kabla hayajachacha, hunywewa na watoto. Kuku na nyama nyingi zinatoka nje zikiwa zimegandishwa, na nguruwe ni nyama ya karamu, imefugwa karibu kila nyumba. Kwa hiyo mwenye nyumba ya wageni mwambie kabla hujafika, kwa barua pepe, kwamba huli nguruwe wala mafuta yake, na kwamba samaki anakutosha. Ukialikwa karamu, sema mapema kwa mwenyeji wako, si mbele ya sinia. Waislamu wapo wachache, na Funafuti ina msikiti mdogo wa Jumuiya ya Ahmadiyya. Mboga za majani ni adimu na ghali, hasa meli ya mizigo kutoka Fiji ikichelewa. Beba matunda makavu na karanga, ila uvitaje kwenye fomu za forodha za Fiji na Tuvalu, wako makini sana na vyakula.

Maji ni ya mvua. Hakuna mto wala kisima cha kutegemea. Paa linakusanya, tangi linahifadhi. Mwaka 2011 mvua ilipokata, serikali ilitangaza hali ya hatari na mitambo ya kuondoa chumvi ikaletwa kwa ndege. Oga kwa kopo na ndoo hata kama bafu lina bomba, na ya kunywa yachemshe. Takataka nazo hazina pa kwenda kwenye ukanda mwembamba vile. Betri, chupa na vifungashio vyako rudi navyo Fiji. Tangu 2019 wamepiga marufuku kuingiza baadhi ya plastiki za kutumika mara moja, nawe umekwisha kuzoea marufuku ya mifuko hapa nyumbani.

Sasa afya, na hapa soma taratibu. Funafuti ina hospitali moja, ya Princess Margaret, inayotoa huduma za kawaida. Mgonjwa mzito hupelekwa Fiji, kwa ndege ile ile niliyokueleza. Bima yako lazima itaje kwa maandishi usafirishaji wa mgonjwa kwa ndege, na itaje Tuvalu kwa jina. Dawa zako za presha beba za muda mara mbili ya safari, zote kwenye mkoba wa mkononi, katika pakiti zake na barua ya daktari yenye jina la dawa lisilo la kibiashara. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache, maana unaweza kuulizwa njiani. Kama huna, chanja angalau siku kumi kabla.

La muhimu kuliko yote hayo ni malaria. Tuvalu haina malaria, na Fiji haina. Zote mbili zina dengi. Wewe unatoka Tanga, na vimelea vinaweza kukaa mwilini wiki mbili au zaidi kabla ya homa. Ukipata homa kule, daktari atafikiria dengi kwanza, kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Mwambie mwenyewe, tena mara ya kwanza mnapoonana: "Nimetoka nchi yenye malaria, nipimeni." Zungumza na daktari wako kabla ya safari kuhusu kubeba vipimo vya haraka na dozi moja ya mseto, maana huko usitarajie kuvikuta. Na mpaka ijulikane si dengi, usimeze aspirini wala diklofenaki, parasetamoli inatosha.

Nimeacha neno la mdogo wako mpaka hapa kwa sababu nalipa uzito. Wapo wanaokwenda Tuvalu kama wanaomuaga maiti ambaye hajafa, wanapiga picha za maji, wanaondoka. Watu wa kule wamechoka nao. Lakini msiba si jina sahihi la maisha yao. Simon Kofe, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alisimama baharini maji yakiwa magotini kutoa hotuba ya mkutano wa tabianchi wa 2021, na alichosema kilikuwa ni kudai haki. Mwaka 2023 waliandika kwenye katiba yao kwamba dola ya Tuvalu itaendelea kuwapo hata bahari ikiichukua ardhi. Mwaka huo huo walisaini mkataba na Australia unaowapa watu 280 kila mwaka nafasi ya kuhamia huko, na bahati nasibu ya kwanza ilipofunguliwa 2025 waliojiandikisha, pamoja na familia zao, walizidi 8,000. Weka mambo hayo mawili pamoja: watu wale wale wanaojiandikisha kuondoka ndio wanaoapa kwamba nchi haifi. Ukifika na swali moja tu, "Mtahamia lini?", umewapunguza wakawa tatizo la bahari.

Wewe una kitu ambacho watalii wengi hawana, nacho ni kazi yako. Funafuti kuna shule ya sekondari ya Fetuvalu, na kuna kituo cha Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini. Mwandikie mkuu wa shule miezi miwili mitatu kabla, ujitambulishe, uombe kuzungumza na walimu wenzako kuhusu namna wanavyofundisha visiwa vyao wenyewe. Wanafunzi wako wa Tanga waandike barua, uzibebe. Kiingereza kinatumika rasmi pamoja na Kituvalu, hutapata shida. Wakikubali, utaingia kama mwalimu mwenzao. Wasipojibu, usijitokeze tu getini.

Jioni nenda uwanja wa ndege. Njia ile ya kurukia ndege ilijengwa na Wamarekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na siku zisizo na ndege ndiyo uwanja wa mji mzima: wavulana kwenye mpira wa miguu, wasichana kwa wavulana kwenye voliboli, wazee wameketi kwenye mikeka kando ya lami wakipunga upepo, pikipiki zinakatisha katikati. Ndege inapokaribia, king'ora kinalia na watu wanasogea. Keti, salimia, ngoja usemeshwe. Picha za watoto ziombee ruhusa kwa mzazi. Vaa ya kukufunika magoti na mabega, kanga zako zitakutosha. Bikini hazivaliwi mjini. Jumapili ni ya kanisa na mapumziko, boti hazikodishwi, usipange chochote. Kwenda kwenye vijisiwa vya hifadhi ya bahari upande wa magharibi wa lagoni, hifadhi iliyoanzishwa 1996, unaomba kwa Kaupule, baraza la kisiwa, ambao pia watakuelekeza kwenye boti. Visiwa vya nje, kama Vaitupu au Nukufetau, usiviweke kwenye safari hii. Meli ya serikali huenda ikipata nafasi na kurudi ikipata nafasi, na siku zako haziwezi kuibeba hesabu hiyo.

Kuhusu nyumba yako, hapo sina la kukuamulia. Nauli peke yake ni fedha nyingi, na ukiongeza bima na wiki tatu za malazi katika nchi mbili, gharama itapita hiyo uliyokwisha kupiga kwa siku kumi. Kama akiba inatosha safari ya haraka tu, isiyo na siku za dharura, subiri mwaka mmoja uongeze.

Kama inatosha, fuata mpangilio huu. Pasi iwe na zaidi ya miezi sita mbele. Andikia uhamiaji na nyumba ya wageni, upate majibu. Nunua tiketi ya Suva–Funafuti kwanza, maana tarehe zake ndizo chache, halafu ndefu ziifuate. Mwezi wa tatu nenda kwa daktari wako ana kwa ana, si kwa simu, akupime presha kwa wiki kadhaa na aangalie moyo na figo. Presha ikiwa imetulia kwa dawa ulizonazo, nenda. Ikiwa bado inapanda na kushuka, au daktari amekubadilishia dawa ndani ya mwezi wa mwisho, ahirisha hata kama tiketi imelipwa. Na ukianza kuumwa kichwa kisicho cha kawaida, kifua kubana au macho kuona ukungu ukiwa bado Suva, nenda hospitali pale pale Suva, usivuke.